Mpango Wangu wa Kupandisha Presha ya Shangazi

Jumatatu, 11 Agosti
Shangazi Zamda yupo wodini. Saratani ya kongosho inamkata tumbo, hata kukaa hawezi. Na Jumamosi anamsinga Husna, bibi harusi wetu, amsugue mwili mzima kwa singo ya liwa na maua! Kaapa hatamwachia mtu singo yake.

Daktari Theopista katueleza: keshokutwa atachomwa sindano ya kunyamazisha mishipa ya fahamu nyuma ya tumbo. Maumivu yatapoa, ila mishipa ya damu ya tumboni itatanuka na kujaa damu, presha itashuka, moyo ukimbie. Wameshaupima. Mzima.

Binamu Anuari kauliza maswali kumi. Kujipendekeza tu! Mimi sikuuliza. Kama kitu kitashuka, si unakipandisha mapema?

Jumanne, 12 Agosti
Kazi imeanza. Achari ya embe kutoka Kariakoo, chumvi tele. Kahawa chungu, vikombe vinne. Shangazi kasema mwenye akili ukoo mzima ni mimi. Nilivimba kichwa!

Kwa ziada nikamuudhi. Nikasema Magomeni wanadai singo yake inanuka ukungu. Uongo mtupu. Kanitupia kikombe. Safi kabisa, presha inapanda.

Jumatano, 13 Agosti
Balaa! Presha imepitiliza, sindano imeahirishwa. Shangazi kalia huku ameng'ata khanga. Nilikaa kwenye ngazi nikajichukia.

Anuari kapekua, kakuta kopo la achari, kalipeleka kwa daktari mbio. Daktari kaniambia presha ikishuka wana dripu na dawa, hawakuwa wanatafuta muuza kahawa. Nimepigwa marufuku wodini.

Ijumaa, 15 Agosti
Kachomwa! Presha ikashuka kweli, moyo ukaenda mbio, dripu ikaweka mambo sawa. Anuari alikuwa ndani kama mfalme. Mimi dirishani, juu ya tofali. Jioni shangazi akaketi mwenyewe, akaomba chapati. Nililia. Anuari hakuona, alhamdulillahi.

Jumamosi, 16 Agosti
Karuhusiwa asubuhi. Kamsinga Husna saa mbili nzima, akiimba mambo nisiyoweza kuandika hapa. Halafu akaniita mlangoni, akanipaka singo puani, akauliza kama inanuka ukungu. Wanawake wakacheka mpaka mtaa wa pili. Kanisamehe.

Jumapili, 17 Agosti
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: vikombe vinne vilizidi.

Anuari anang'olewa jino Jumanne. Kakiri anaogopa ganzi itamshusha presha. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nipo. Achari nimeshanunua. Kahawa nitampa vikombe vitatu.