Paipu Mbili za Newala

Jumatatu, 4 Agosti

Mashine imekufa! Asubuhi, katikati ya ndoo ya mtu. Nimesikia "tsii!", kisha dizeli ikamrukia Mwalimu Felix kwenye suruali yake ya kaki. Suruali mpya. Amebeba mahindi yake, nusu unga nusu punje, ameondoka akitembea kama bata.

Fundi Ashiru amekuja, amechungulia, ametoa hukumu: paipu ya nozo imepasuka. Ni kile kipaipu chembamba cha chuma kinachotoa dizeli kwenye pampu na kuipeleka kwenye nozo, kinyunyizio cha injini. Amesema haizibwi, inanunuliwa mpya. Amerudia tena. Ananijua.

Nimeiziba. Gundi ya chuma, juu yake mpira wa baiskeli, juu yake waya. Kazi safi kabisa! Nimewasha. Mpira umeruka hadi kwenye kenchi za paa. Ashiru amenifokea kwamba dizeli ya pale hutoka na nguvu ya kutoboa ngozi, na kwamba nikitaka kufa nife kwa jambo la maana.

Na wakati wenyewe ndio huu! Jumapili ni kipaimara, Baba Askofu anakuja hapa Lulindi, na akina mama wa kanisa wamenipa mimi kazi ya kusaga unga wote wa sherehe. Mimi, si Mama Hamida wa ng'ambo ya barabara. Jina lake Zena. Ana mashine kama yangu, rangi tu ndiyo tofauti, na wateja wengi kuliko mimi kwa sababu ambazo sijawahi kuzielewa. Kazi hii niliipata kwa kuwadokeza akina mama kuwa unga wake una mchanga. Huenda unao. Sijauonja.

Akijua mashine yangu imekufa, magunia yatavuka barabara. Asijue!

Jumanne, 5 Agosti

Wazo limenijia nikinywa chai. Kwenye simu nina video ya siku tuliyoizindua mashine, inanguruma vizuri mno. Nimeazima spika ya kwaya kwa Happiness, mwalimu wao. Nimemwambia ni kwa ajili ya maombi. Nimefunga mlango wa banda, nimeunganisha simu, nimefungulia sauti yote.

Mngurumo mtamu! Mabati yalitetemeka. Kasoro moja tu: wateja wamesikia pia. Wamekuja na ndoo, wamepanga foleni. Nimejipaka unga kwenye nyusi, nimetoka, nimewaambia mashine imeshikwa na kazi ya kanisa, warudi wiki ijayo. Wamekubali kwa heshima. Mama Hamida alikuwa amesimama mlangoni kwake anasikiliza, uso umemshuka. Sina maneno ya kueleza nilivyofurahi.

Ndipo simu ikaita. Mashine ikanyamaza ghafla, ukaanza muziki. Nimekimbia ndani, nimebonyeza kukata. Sikukata. Nimepokea! Alikuwa dada yangu Julia, muuguzi kule Ndanda, na sauti yake imetoka kwenye spika ya kwaya hadi uwanja wa shule: "Walter mdogo wangu, lile jipu la kalioni limeiva? Usilitumbue mwenyewe!"

Kisha kicheko kutoka ng'ambo ya barabara.

Jioni Mama Hamida amekuja nyumbani. Amekaribishwa, amekaa, amesalimia watoto. Halafu: "Pole na jipu, Baba Gift. Na mashine nayo, pole." Hakuna alichokificha: paipu yake pia imeanza kutoa jasho la dizeli kwenye maungio, na kwa kuwa anajua nitaenda kutafuta yangu, nimchukulie na yeye moja. Pesa ameiacha mezani. Tena amenipa salamu za Mama Anastasia, kiongozi wa akina mama: ambaye mashine yake itakuwa inafanya kazi Alhamisi, huyo ndiye atakayesaga.

Stella, mke wangu, amesema huyu mama ana moyo mzuri. Stella huwa hawaoni watu vizuri.

Jumatano, 6 Agosti

Newala! Masasi ni karibu, lakini muuza vipuri wa kule, Uwesu, ni binamu yake Mama Hamida. Mtego ule nimeuona mapema.

Paipu iliyopasuka sikuibeba. Mtu akiniona nayo njiani, habari zitafika Lulindi kabla yangu. Nimekunja waya kwa umbo lake lilelile, kona kwa kona, nimeutia mfuko wa nyuma. Kwenye bodaboda, kwa ajili ya jipu, nimekalia upande mmoja tu. Upande wenye waya. Mlima wote.

Juu kuna ukungu na baridi ya kutafuna masikio. Muuza vipuri, kijana mpole aitwaye Faruku, ameniuliza injini yangu ni aina gani. Nimemwambia hiyo ni siri ya biashara. Ameuliza silinda ngapi. Siri. Nimempa waya. Ameugeuza, ameutazama kama mtu anayesoma barua ya kigeni, lakini amezunguka rafu zake zote na mwisho amenitolea paipu iliyolingana nao kila kona. Kila kona! Amenung'unika jambo kuhusu trekta, sikumsikiliza, nilikuwa nafurahi.

Imebaki ya Mama Hamida. Hapo ndipo akili imefanya kazi. Mashine zetu ni pacha. Kwa hiyo paipu isiyofanana na yangu haiwezi kuingia kwake. Hata mtoto wa darasa la pili anaelewa! Nimemwambia Faruku anipe nyingine, isifanane na hii hata kidogo. Ya mashine gani? Yoyote, nimemwambia, nipe ile ambayo kila mtu hununua.

Nimekula ming'oko ya moto, vile viazi vya porini, na chumvi. Nimerudi nikiimba, nimekalia upande mmoja.

Alhamisi, 7 Agosti

Kabla ya kufunga yangu nimempelekea Mama Hamida yake. Nimemshauri aing'oe kabisa ile ya zamani na kuitupa. Macho yake yamejaa machozi. Amenipa jogoo.

Ashiru amekuja kufunga yangu. Ameitazama paipu. Amenitazama mimi. Ameuliza kama nimenunua trekta. Nati kubwa, urefu umezidi, na ukiifuata kona zake inafika mahali pasipo na pampu, inafika dirishani. Nimemwambia aikunje kidogo. Amesema paipu hizi hazikunjwi, amefunga mfuko wake wa spana.

Wakati huohuo, ng'ambo ya barabara: mngurumo. Wa kweli, si wa spika.

Nimevuka. Nimekuta Mama Hamida amejaa unga na tabasamu.

"Baba Gift, mkono wako una baraka! Imeingia kama imezaliwa hapa."

Nimemwambia, kwa upole, kwamba nadhani paipu zetu zimebadilishana, yake ni yangu.

"Zimebadilishanaje?" ameniuliza, akicheka. "Si umeniletea mwenyewe, kabla hata hujafunga yako?"

Nimevuka kurudi kwangu. Magunia ya kanisa yamevuka mchana. Stella amempika jogoo kwa nazi. Lazima niseme alikuwa mtamu sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Masasi. Nimebeba paipu mbovu mkononi, wazi, kila mtu aone, basi tena. Nimefika kwa Uwesu. Ameitazama, amenyoosha mkono kwenye rafu nyuma yake, ameniwekea mpya mezani. Ndiyo hiyo! Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi mrefu, nimebaki nao moyoni. Amesema nimsalimie binamu yake.

Ashiru amefunga, ametoa upepo kwenye dizeli, amezungusha mkono wa kuwashia. Imewaka! Banda limejaa moshi na furaha. Mteja hata mmoja hakuna. Tumekaa mimi na Stella tukiisikiliza inavyonguruma bure. Kwa kweli ni sauti nzuri.

Kisha tumeona mkokoteni unavuka barabara kuja kwetu, Mama Anastasia mbele. Nusu ya magunia ya kanisa! Amesema Mama Hamida mwenyewe ndiye aliyekataa kusaga yote. Kawaambia mtu aliyemkumbuka jirani kabla ya kujikumbuka mwenyewe hawezi kuachwa amekaa kwenye benchi huku mashine yake inanguruma.

Stella amenitazama kwa muda mrefu. Mimi nimetazama mahindi.

Tumesaga hadi jua linazama, mashine mbili, huku na kule. Unga umetoka mweupe, laini. Nimechungulia na wa kwake. Hauna mchanga.

Jumapili, 10 Agosti

Siku kubwa! Watoto wamepata kipaimara, Gift wangu akiwa mstari wa mbele na viatu vinavyombana. Ugali umetosha wageni wote, na Baba Askofu ameongezewa bila kuombwa.

Baada ya chakula Mama Anastasia amesimama kutoa shukrani. Amesema yupo mtu hapa Lulindi aliyempa mwenzake paipu nzima, akabaki mwenyewe na isiyofaa. Nilikuwa nageuka kumtafuta mtu huyo. Ni mimi! Vigelegele! Mama Hamida, amealikwa kama jirani, ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Hata Mwalimu Felix amepiga makofi, mepesi.

Baba Askofu amenishika mkono, ameniuliza nini kilinisukuma.

"Nilikuwa namfikiria sana Mama Hamida," nimemjibu. Na ni kweli tupu. Nilimfikiria njia nzima.

Stella amekohoa, imebidi apewe maji.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala vizuri, nimeamka na moyo mwepesi. Nikiitazama wiki iliyopita naona kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga, ila kwa kuzunguka kidogo. Mtu mwenye mipango huheshimiwa. Asubuhi nimeamkiwa shikamoo na watu wazima wenzangu.

Saa ya chai amefika mtu kutoka Nanganga, Gideoni, anauza injini. Silinda nne! Mama Hamida ana moja tu, kama mimi. Nikiwa na hiyo nitasaga Lulindi nzima, na watu wa vijiji vya jirani watakuja wenyewe. Ameniapia ni nzima kabisa, haina ugonjwa wowote, imepungukiwa paipu za nozo tu. Zote nne.

Nimemuuliza aina yake. Amesema hakumbuki, maandishi yamefutika. Bei nzuri sana!

Stella ameshauri nimwite kwanza Ashiru, au nivuke nimuulize Mama Hamida, kwani anazijua injini. Nimuulize Mama Hamida! Nimemlipa Gideoni palepale, nyuma ya banda, ili huyo mama asituone.