Ombi la Kuzikwa Jumapili, Saa za Kazi

Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Masilahi ya Askari Wastaafu,

Assalaam alaykum. Mimi ni Sobhi Dessouki wa kijiji cha Kafr Abu Shahba, mpishi mstaafu wa jeshi. Wakati wa vita Mfereji niliuvuka na sufuria la maharage, si bunduki, lakini niliuvuka. Naandika kwa unyenyekevu kuomba ofisi yako inizike Jumapili ijayo, saa nne asubuhi. Sijafa. Hilo ndilo linaloliweka ombi langu ndani ya kanuni, kama nitakavyoeleza.

Mwenzangu wa kikosi kimoja, Farghali Bahnasi, alifariki mwezi uliopita. Nilimsindikiza mjane wake, Nagiya, kuja kwako kuchukua ule msaada wa maziko ambao marehemu aliahidiwa tangu angali na meno kamili. Tulikutana na haya:

1. Karani wako alitaka kibali kilichoombwa kabla ya maziko. Farghali alikata roho Alhamisi saa nane mchana. Ninyi mlifunga saa saba. Ijumaa na Jumamosi hamfungui. Ilikuwa Agosti, Mheshimiwa, na kwetu maiti halazwi nyumbani. Magharibi ilimkuta kaburini. Nakiri kosa ni la marehemu: angewahi kwa saa mbili tu, tungewakuta mezani.

2. Alitaka risiti ya kaburi, yenye muhuri. Nikarudi kwa Metwalli mchimba makaburi. Akaegemea jembe, akanitazama weee, akasema, "Haji, miaka arobaini nachimba, hajarudi hata mmoja kudai nimempunja. Risiti ya nini?"

3. Fomu inataka saini ya mwombaji, na mwombaji, kwa kanuni zenu, ni askari mwenyewe. Nagiya akamwambia karani, "Mwanangu, mwenyewe yuko nyuma ya msikiti, kaburi la tatu kushoto. Mpelekee kalamu." Karani akajibu kwamba kazi za nje ya ofisi hazina posho.

4. Alisema pole mara moja tu, na hata hiyo hakuipigia muhuri.

5. Hema, viti, kahawa chungu na sheikh wa kusoma Kurani vyote viliandikwa "anasa". Mheshimiwa, hapa kwetu mtu akizikwa bila hema, wapita njia huuliza ni paka wa nani. Nagiya alikodi hema kwa Atris, na Atris, kwa kuwa hakulipwa, akamchukua nyati wa maziwa anayefugwa na Nagiya awe rehani. Jumanne anampeleka mnadani. Nyati huyo ndiye mume aliyebaki katika nyumba ile: ndiye anayeleta chakula.

Basi nimekaa nikafikiri. Kanuni zako hazina ubaya wowote. Zimetungiwa tu maiti aliye hai. Maiti wa namna hiyo ni mimi.

Kibali nitaomba mapema. Saini nitatia mwenyewe, na dole gumba karani akitaka. Nitasimama kando ya kaburi langu mpaka Metwalli atie alama yake kwenye risiti. Mkaguzi akitaka kuona maiti, nitalala. Naomba tu isizidi nusu saa, mgongo unaniuma. Msaada ukitoka, Jumatatu nitamkabidhi Nagiya akamkomboe nyati. Siku nitakayokufa kweli sitawasumbua, kwa sababu faili litakuwa limeshafungwa.

Na ukiona lina faida, tumebaki askari wanne hapa kijijini. Tuzikeni wote siku hiyo: hema moja, sheikh mmoja, birika moja la kahawa. Tutakuja kwa miguu yetu, serikali iokoe gharama ya jeneza. Pensheni tu ndiyo naomba isikatwe, maana maiti wa ofisini naye anakula.

Mke wangu Inshirah amesomewa barua hii. Amesema, "Ukizikwa Jumapili, Jumatatu mimi nimo edani. Usinisogelee, wala usiniulize chakula." Nimekubali, kwa kuheshimu taratibu.

Nisalimie makarani wote, mlinzi wa mlangoni aliyetupa maji ya kunywa, na yeyote anayetunza huo muhuri. Wanne wa hapa wanakusalimu, na Inshirah pia, ingawa amenuna.

Wako mtiifu, hai kwa sasa,
Koplo mstaafu Sobhi Dessouki

N.B. Nimelazimika kuifungua bahasha. Leo Ijumaa, baada ya swala, karani wako yule yule ametokea hapa kwa miguu kutoka barabara kuu, viatu vimejaa vumbi, hana fomu wala kalamu. Amekwenda moja kwa moja kwa Atris, akalipa deni lote kutoka mfukoni mwake, kisha akamswaga nyati hadi uani kwa Nagiya, tena akimwogopa waziwazi. Nagiya alitaka kumwandikia karatasi kwamba amepokea. "Karatasi ya nini, mama?" akasema. "Kwani mimi ni serikali?"

Kwa hiyo, Mheshimiwa, Jumapili sitaweza kufa. Tumealikwa wali wa maziwa.