Ombi la Kulichukia Ua la Bibi Murekatete

Songo, Uvira

Kwa Bwana Prezida wa Komite ya Kulinda Mimea na Kupambana na Panya,

Nakuandikia kwa adabu yote niliyofunzwa shuleni. Natumaini itanifikisha mwisho wa ukurasa.

Katika parsele yetu, kiwanja cha nyumba, palikuwa na ua la zambarau. Bibi yangu Murekatete alilishusha kutoka milima ya juu, ambako sasa halionekani tena. Ninyi wenyewe mlitutangazia kwamba linakaribia kutoweka duniani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Panya mmepambana nao miaka. Mlifanya semina Bwegera, mkagawa sumu, mkala wali. Leo panya wa Bwegera ni wanene kuliko wajumbe wenu, jambo ambalo sikudhani linawezekana.

2. Ua mlililinda alasiri moja tu. Mlimleta mgeni kutoka Kinshasa alitazame. Na kwa kuwa mgeni hapokelewi bila maua, Bwana Thierry wa protokole alinifokea mbele ya majirani: "Weye mudada, sogea, mugeni iko anashuka mu gari!" Akang'oa mashina yote, akakata matunguu yake, yale ya mizizini kama vitunguu, na kuyatupa nyuma ya jikoni, akafunga shada. Mgeni alishukuru, akanusa, kisha akauliza ua lenyewe liko wapi. Mlipiga makofi.

3. Kila asubuhi Bibi anamwagilia udongo mtupu.

4. Kwa hiyo, mnachokichukia kinazaana, mnachokipenda kinakufa. Ikiwa limebaki shina moja popote milimani, naomba rasmi mlichukie. Liitieni semina. Litangazieni vita redioni. Ligawieni sumu ile ile. Haitapita miaka mingi, litafunika Songo hadi bandari ya Kalundu, na akina mama watalifukuza kwa fagio.

5. Mimi pia mliniandika "rafiki wa Komite". Naomba mnifute. Naihofia afya yangu.

Wasalimie wajumbe wote, na Bwana Thierry pamoja na mikono yake. Bibi naye anawasalimu; ana moyo mwema kuliko wangu.

Consolate Uwituze

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Bibi ameniita nyuma ya jikoni. Panya waliyakokota yale matunguu, wakayafukia chini ya ukuta kuwa akiba yao, wakayasahau. Yamechipua. Basi nafuta ombi langu: ua msilichukie, msilipende, na zaidi ya yote msije kulitazama. Ila vita dhidi ya panya, Bwana Prezida, tafadhali viendelee kwa bidii ile ile.