Pumzi Arobaini na Mashine ya Mama Mkwe

Jumanne, 3 Juni

Kimefika! Kitabu cha saba kimefika! Mkutubi alinipigia simu nikiwa nimejibana nyuma ya friji ya mteja. Niliruka, nikagonga kichwa ukutani, sikuhisi kitu. Miaka mitatu nimekisubiri. Kitabu cha sita kilimwacha Nahodha ananing'inia nje ya chombo chake cha anga, kamba imekatika, hewa imebaki ya pumzi arobaini, mlango umefungwa kwa ndani. Miaka mitatu yule mama wa watoto wanne anahesabu pumzi. Na mimi nahesabu naye.

Habari mbaya: maktaba imepata nakala moja tu. Mkutubi hataki ugomvi. Ameamua kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na nne, chama chetu cha wasomaji wa hadithi za anga kifanye shindano la mavazi. Atakayepigiwa makofi mengi zaidi ataazima kitabu wa kwanza. Wiki mbili nzima!

Nikamweleza mke wangu. Akaniuliza kama ile friji imepona. Mke wangu ni mtu mwema sana, ila upande wa anga hajajaliwa.

Jumatano, 4 Juni

Koleo naye anashindana. Nilijua.

Koleo ni daktari wa meno, mwanachama mwenzangu, na ni mtu wa hatari. Kitabu cha tano alikimaliza kabla yangu. Bahati mbaya siku hizo nikaumwa jino. Nimelala kwenye kiti chake, nimeachama, pamba mdomoni, ganzi hadi sikioni, akaanza kunisimulia mwisho. Wote! Nikapiga kelele, aaa, aaa! Akadhani naumwa. Akaniongeza ganzi, akaendelea na simulizi.

Nimeapa. Safari hii sisimuliwi na mtu. Lazima nishinde.

Jioni tumekutana mlangoni mwa maktaba. Tukasalimiana kwa salamu ya chama: mmoja anasema "Injini?", mwenzake anaitikia "Inawaka!" Kaitikia kwa upole uliopitiliza. Kuna kitu anapika.

Ijumaa, 6 Juni

Wazo! Tena limeletwa na mama mkwe, mtu ambaye anaamini hadithi za anga ni ugonjwa wa watu wasio na kazi.

Ameniletea karakanani mashine yake ya kufulia, ile kubwa ya mablanketi. Inatetemeka kama ina homa. Nikaifungua. Mkanda umelegea, kazi ya nusu saa. Lakini ndani! Pipa la chuma lisiloshika kutu, linameta, limejaa vitundu vya mviringo kuanzia juu hadi chini. Nikalitazama pipa. Pipa likanitazama. Kifua cha roboti kilichokamilika, hakihitaji hata rangi!

Nikampigia mama mkwe simu, nikamwambia kuna kipuri hakipatikani, kinaagizwa. Akauliza kinaagizwa kutoka wapi. Nikasema mbali. Wala sikudanganya sana, maana wakati huo akili yangu ilikuwa imeshavuka sayari ya tatu.

Jumapili, 8 Juni

Jana kikao cha chama kilikuwa moto. Saa tatu nzima tumebishana: kwenye sayari yenye majua mawili, mtu ana vivuli vingapi? Mimi nilisema viwili. Koleo akasema inategemea majua yamekaaje. Watu wakamshangilia. Na kweli inategemea, lakini kwa nini aseme yeye?

Leo nimejaribu vazi. Nimetoa kitako cha pipa, skrubu kumi na mbili. Unanyanyua mikono, unapitisha kichwa, unajisokota. Linaenea vizuri, mradi usivute pumzi yote. Kifuani nimefunga taa tano za friji na kidude cha kupimia baridi, kinazunguka chenyewe. Mikono ni mabomba ya maji machafu. Nilivyojiona kwenye kioo, nilijiogopa.

Mke wangu kaniambia mama yake anafua mashuka kwa mkono na mgongo unamuuma. Niliumia moyoni. Nikanywa chai, nikapata nafuu.

Jumanne, 10 Juni

Upelelezi. Nikaenda kwa Koleo nikajidai nina jino, nione anashona nini. Nikamwonyesha la juu kushoto. Akapekuapekua, akasema hilo halina neno, ila la chini kulia limeoza hadi kwenye mzizi. Kulitazama tu, amelishika! Nimetoka na pengo.

Lakini nimeona. Nyuma ya mlango limetundikwa vazi jeupe la rubani, viatu hadi magotini, na kofia ya kioo yenye taa ya kumulikia meno juu yake. Zuri mno. Zuri kupita kiasi. Njia nzima ya kurudi nyumbani nimelilaani kwa mdomo uliopinda.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mkwe kaja karakanani bila taarifa. Nilikuwa nakaza taa. Nikalifunika pipa kwa koti langu, nikaegemea juu yake kama mtu anayepumzika. Akauliza kipuri kimefika. Nikasema kiko njiani. Akasema amechoka na njia hiyo, Jumamosi atakuja kuichukua mashine yake ilivyo aipeleke kwa fundi mwenye akili. Nikamwambia Jumamosi nimefunga, nina shughuli ya kiofisi.

Nimeponea chupuchupu!

Jumamosi, 14 Juni

Nimeshindwa! Na sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe! Ngoja nieleze taratibu.

Watu sitini ukumbini. Viumbe wa kijani kila kona. Mwalimu wa hesabu kaja na mikono minne, miwili imejaa pamba. Kila mtu anamuuliza mwenzake "Injini?" na ukumbi mzima unaitikia. Mwili ulinisisimka! Hawa ndio watu wangu.

Koleo kaingia na taa ya meno inawaka kichwani, akitembea polepole kama ardhi haimvuti. Makofi yakatikisa madirisha. Nikaingia mimi. Taa tano, waa! Kidude kinazunguka. Makofi yakawa makubwa zaidi! Kwa fahari nikavuta pumzi yote.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Pipa likanikaba mbavu. Likagoma kupanda, likagoma kushuka. Mikono niliyoinua kushangilia imebaki juu kama ya mtu aliyekamatwa.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mama mkwe! Kumbe mke wangu, bila ubaya wowote, alimwelekeza niliko. Alitoka kufua moja kwa moja. Buti za mpira. Glavu za manjano hadi viwikoni. Mfuko wa plastiki kichwani. Vibanio vya nguo vimejipanga kifuani kama nishani za jenerali. Ukumbi mzima ukamgeukia.

Nikasema shikamoo, mama. Sauti ikatoka kama ya mtu aliye kisimani.

Akaninyooshea kidole cha manjano. "Hiyo mashine ni yangu!"

Ukumbi ukalipuka. Mkutubi, macho yanang'aa, akamuuliza kwa heshima yeye ni nani katika hadithi.

"Hadithi gani? Mimi ndiye mwenye mashine hii!"

"Na imekukosea nini?"

"Haifanyi kazi! Wiki nzima haifanyi kazi, inatetemeka tu!"

Na kweli nilikuwa natetemeka. Watu walilia kwa kicheko. Walipanda juu ya viti. Wengine walimpigia saluti. Mkutubi hakuwa na haja ya kuhesabu. Akamkabidhi mama mkwe kitabu cha saba mikononi, kwenye glavu zilizolowa, na mimi nikitazama nikiwa ndani ya pipa.

Alinitoa Koleo. Alisema ana uzoefu wa kung'oa. Akanimiminia sabuni ya maji, akaweka mguu kwenye pipa, akaniambia nisiogope, nitahisi kama kuvutwa kidogo tu. Nilitoka kwa mlio wa chupa iliyozibuliwa. Ukumbi mzima ukasema "Inawaka!"

Jumapili, 15 Juni

Mashine nimeirudisha. Nusu saa, kama nilivyojua. Mama mkwe akasema asante, ila kwanza nimalizie kwa mkono mablanketi yaliyobaki. Saba.

Nikainama kwenye beseni uani kwake. Yeye akavuta kiti, akafungua kitabu. Anataka kujua ni upuuzi gani unaomfanya mtu mzima avae mashine yake. Akaanza kusoma kwa sauti ya kudharau. Ukurasa wa pili akasita. Akauliza huyu mama ananing'inia huko nje kwa nini. Nikamweleza, povu hadi kwenye mabega. Vitabu sita nikavimaliza kwa blanketi moja na nusu. Akauliza watoto wake wako na nani. Nikasema na baba yao, na baba yao hajui kitu. Akasonya, akasogeza kiti.

Koleo akatokea. Alikuwa anapita tu, alisema, ingawa njia ile haiendi popote. Hakuna aliyemfukuza. Akakunja mikono ya shati, akashika ncha ya blanketi tulikamue.

Pumzi ya thelathini. Ya thelathini na tano. Tukaacha kukamua. Maji yanatuingia viatuni. Ya thelathini na nane. Mama mkwe kasimama, kitabu amekikaza kwa mikono miwili, anakipigia kelele: "Mfungulieni mwenzenu! Ana watoto wanne!"

Mlango ukafunguliwa! Na aliyefungua ni mtu ambaye hatukumdhania hata siku moja! Simwandiki hapa. Shajara inaweza kuokotwa na mtu ambaye hajafika ukurasa huo.

Tulipiga mayowe. Koleo na mimi tulikumbatiana na blanketi lililolowa katikati yetu. Mama mkwe akaketi, akajifuta macho kwa glavu, akatuamuru tunyamaze kuna sura ya pili.

Jumatano, 18 Juni

Mama mkwe amemaliza kitabu kwa siku tatu. Sasa anadai cha kwanza hadi cha sita, na amejiandikisha kwenye chama. Anataka kuwa mwekahazina.

Asubuhi nimemwomba radhi mbele ya mke wangu. Nimeahidi kwa moyo mweupe kwamba sitagusa tena mali ya mtu kwa ajili ya mambo ya anga. Mke wangu alifurahi, mimi nilifurahi, tukanywa chai. Najiona mtu mpya.

Mchana mkutubi katangaza: mwezi ujao ni maonyesho ya vyombo vya anga vya kujitengenezea. Kitakachoshinda kitawekwa mlangoni mwa maktaba mwaka mzima!

Alasiri mwoka mikate kaleta friji yake ya kuonyeshea keki. Haiwaki. Kioo chake cha mbele kimepinda kwa madaha, sawasawa na dirisha la chumba cha rubani. Nikafunga mlango wa karakana. Nikaingiza kichwa. Mabega yanapita. Nikakunja magoti, na miguu nayo inaenea!

Tatizo lake ni fyuzi. Nimemwambia ni kubwa sana, asiharakishe, aje mwezi ujao.