Kituo cha Taka Namba 117

Jumanne, 4 Juni
Kunguru wamefika kabla ya gari la taka. Tena! Maganda ya mayai hadi kwenye kiti cha baiskeli yangu. Mke wangu Sanae alisimama dirishani na chai yake, akauliza inakuwaje mtu anayetengeneza ramani ya mji mzima ashindwe kuondoa kituo kimoja cha taka langoni kwake. Swali zuri. Namba 117, taka za nyumba ishirini na mbili, miaka ishirini na mitano! Aliyekiweka hapa ni Mzee Mizoguchi, mwenyekiti wa mtaa, kwenye mkutano ambamo mimi nilisinzia kidogo. Aliposema asiyekubali anyooshe mkono, nilikuwa nakoroma.

Tangu Aprili manispaa ya Tonoura haigawi tena ramani za karatasi. Kila kaya inafungua ramani ya mtandaoni, ambayo naitunza mimi, na kupeleka taka palipo na kitone cha kituo chake. Watu wa Tonoura hawabishani na kitone. Nimeanza kufikiri.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Kuhamisha kitone kwa mkono ni hatari, maana mfumo huandika jina la aliyehamisha, na mkuu wangu, Bi Kuroiwa, husoma orodha hiyo kama wengine wasomavyo vibonzo. Ila kuna njia ya heshima. Hadi mwaka 2002 ardhi yetu ilipimwa kwa vipimo vya zamani vya Tokyo. Data ya wakati ule ukiiweka kwenye ramani ya leo hivi hivi, inakaa kando zaidi ya mita mia nne. Kwa hiyo tuna kitufe cha kuisogeza kaskazini-magharibi. Data ya taka ilishasogezwa zamani. Nitadai namba 117 ilisahaulika.

Nimepima kutoka langoni kwangu, mita mia nne na thelathini kaskazini-magharibi. Kuna lango lenye misonobari iliyopogolewa vizuri. La Mzee Mizoguchi! Nilicheka peke yangu hadi Bi Kuroiwa akauliza kama naumwa.

Alhamisi, 6 Juni
Nilichagua 117. Nikabofya. Nikafungua ramani: kitone bado kipo kwangu. Nikabofya tena. Kipo! Nikaenda kula tambi za soba kwa hasira.

Jioni, nikiwa juu ya baiskeli, nilikumbuka. Seva yetu huwapa watu picha za ramani zilizohifadhiwa, na hubadilisha picha hizo alfajiri tu. Niliipanga hivyo mimi mwenyewe mwaka jana ili ramani ifunguke haraka. Nilipewa cheti! Basi 117 imesogea mara mbili, hadi bwawa la hekalu. Si mbaya. Jambo moja tu: ile mara ya pili, sikumbuki kama nilichagua 117 kwanza. Nadhani nilichagua.

Ijumaa, 7 Juni
Sikuchagua.

Kitufe kimesogeza vituo vyote 312. Lakini niandike kwa mpangilio. Asubuhi lango langu lilikuwa safi. Hakuna mfuko, hakuna kunguru. Sanae alinimiminia chai ya pili, jambo ambalo halijatokea tangu binti yetu Chie azaliwe. Nilisimama nje kwa raha zangu, dakika kama tisa.

Kisha wakatokea. Wapangaji wa maghorofa ya Himawari, kule chini stesheni, kaya themanini na nne, wanapanda kilima kwa foleni, simu mkono huu, mfuko mkono ule. Kitone chao kimesogea hadi langoni kwangu! Kila mmoja aliinama, akaomba radhi kwa usumbufu, akaweka mfuko. Nami nikainama, mara themanini na nne. Mama mmoja alihema akasema, "Baba, kwenu huku mbali jamani! Lakini manispaa wana sababu zao." Nikamwambia hakika wanazo.

Kunguru walikuja na ukoo mzima.

Kazini simu hazikukoma. Kasisi wa hekalu alisema mifuko ishirini na miwili imepangwa vizuri ukingoni mwa bwawa lake, na wavu wa kuzuia kunguru juu. Bi Kuroiwa hakupaza sauti. Alifungua orodha, akasoma jina langu, "Nishiwaki. Nishiwaki." Akaniuliza namba 117 iko kwa nani. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Jumapili, 9 Juni
Vitone vyote vimerudishwa. 117 iko kwangu. Nimezunguka na maboksi ya keki za maharagwe kuomba radhi: hekaluni, Himawari, mwisho kwa Mzee Mizoguchi. Alicheka hadi akashika meno yake ya bandia. "Nishiwaki wewe! Si ungesema tu? Kila mwaka nauliza mkutanoni nani anataka kituo chake kihamishwe. Kila mwaka umelala!" Mkutano ni Jumamosi. Nije, ninyooshe mkono, yameisha.

Kumbe rahisi hivyo!

Jumamosi, 15 Juni
Nilikaa mstari wa mbele. Jambo la kwanza lilikuwa ngoma za kiangazi. Ukumbi una joto, mvua inanyesha taratibu, mweka hazina ana sauti laini.

Niliamshwa na makofi. Nimechaguliwa kwa kauli moja kuwa msimamizi wa kituo namba 117, miaka miwili, wavu na ufagio juu yangu. Sanae ameshauegemeza ufagio langoni.

Lakini nimewaza. Msimamizi lazima awe mkazi wa mtaa huu. Na mpaka wa mtaa nao ni mstari tu kwenye ramani. Jumatatu nitabofya mara moja tu.