Koti la Kuagwa

Jumatatu, 15 Julai 2019
Malvern, Johannesburg. Baridi inang'ata. Leo siku ya tisa tangu niagwe kwenda Marekani. Pilau liliisha, dua ikasomwa, jirani yetu Bi Ummi akalia kuliko mama yangu. Octave, Mkongo wa Lubumbashi, fundi cherehani mwenzangu dukani, alinishonea koti zito la baridi ya Marekani. Nami kwa ukarimu nikampa nafasi yangu ya dirishani, penye jua. Nikahamia kona ya nyuma. Siku chache tu!

Jioni mke wangu Biubwa kafungua simu. Yeye ni muuguzi. Hospitali ya Ohio ndiyo iliyomwombea green card, mimi nafuata kama mumewe. Foleni ya viza imerudi nyuma! Mwezi huu walikuwa wanapokea kila mtu. Kuanzia Agosti, ni walioombewa kabla ya Julai 2016. Sisi tuliombewa Machi 2017.

Jumanne, 16 Julai
Kuna mtu katuchomekea. Naijua michezo hii. Nilipoomba kibali hapa Joburg nilipanga foleni kwa tofali: unaliweka, unaandikisha jina kwa mwenye orodha, unakwenda kunywa chai. Nimemwandikia wakili wetu wa viza: orodha anayo nani? Shemeji Bakiri yuko Ohio, anaweza kutuwekea tofali.

Jumatano, 17 Julai
Wakili kajibu kwa mstari mmoja. Hakuna mahali pa kuweka tofali.

Biubwa kacheka mpaka kashika mlango. Kisha kanieleza polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa. Viza zina idadi kwa mwaka, na mwaka wao unaisha Septemba. Ni kama shughuli: wageni wamefurika, kitako cha sufuria kinaonekana, mpishi anatangaza wazee kwanza. Hakuna aliyetuchomekea. Oktoba wanabandika sufuria jipya. Nikamuuliza kama hatuna ndugu jikoni. Kasema ninywe uji wangu.

Alhamisi, 18 Julai
Dirisha lazima lirudi, bila mimi kukiri lolote. Vidole vimekufa ganzi. Suruali ya mteja nimeitia zipu nyuma. Nimemwambia Octave jua la pale linaharibu macho, afadhali niumie mimi. Kaniuliza naondoka lini. Nikasema karibu.

"Eish, kaka. Karibu ya lini?"

Namchukia. Koti lake lina joto sana.

Jumamosi, 20 Julai
Nimekuta cherehani yangu dirishani! Octave kasogeza yake, tunagongana viwiko. Kumbe Biubwa alishamwambia Jeannine, mkewe Octave, tangu Jumatatu kwamba safari imekwama. Fedheha! Octave kasema tu, kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, kwamba jua ni ya Mungu, inatosha batu mbili. Machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi la chaki. Nampenda mtu huyu, na sijui nitamwachaje.

Jumapili, 21 Julai
Nimepiga hesabu. Oktoba mosi sufuria jipya, Oktoba pili tunapanda ndege. Nimeshaalika watu: naagwa tena tarehe 29 Septemba. Bi Ummi kaanza kulia. Biubwa kashika kichwa.

Dirisha lote nimempa Octave kuanzia kesho, ili alizoee. Koti ninalo, kwa hiyo mara hii nimemwomba kofia.