Jino la Mtoto Bila Y

Jumatatu, 11 Machi 2002

Bosi wetu Albert katangaza leo hapa ofisi ya tafsiri, Peckham: kiti cha kudumu ni kimoja tu, na vibarua wa Kiswahili tuko wawili. Mimi, na Lydia wa Nakuru. Kila mmoja kapewa kipeperushi cha kliniki. Mwisho Ijumaa saa sita. Miaka mitatu London nahangaika na vibarua. Kiti hiki lazima nikipate!

Lydia kapata chanjo, mimi meno ya watoto. Rahisi. Nikapiga chapa ukurasa mzima, macho kwenye vitufe kama kawaida yangu. Nikainua kichwa. Hakuna kitu! Kompyuta inajiwasha upya, ukurasa wote umepotea.

Jumanne, 12 Machi

Mara nne leo! Nimegundua. Kidirisha kinachomoza juu ya kazi yangu, kinauliza kompyuta ijiwashe upya, Yes au No. Mimi sikioni, niko kwenye vitufe. Naandika "yanayooza". Y inajibu Yes. Kinachomoza cha pili: nihifadhi kazi? N inajibu No. Neno moja tu!

Ni Lydia huyu. Nani mwingine? Nimemkazia macho tangu saa tisa mpaka saa kumi na moja. Akanipa biskuti. Mjanja sana.

Jumatano, 13 Machi

Lydia kaja kutazama bila kuitwa. Eti mkosaji ni programu niliyoiweka mwenyewe, ile inayonionyesha hali ya hewa Unguja. Kila nusu saa inataka kujisasisha. Akasema si niitoe tu. Niitoe! Nitajuaje kama kwa mama kunanyesha? Akasema basi angalau niangalie screen, kwani mimi hutazama wapi? Nikamjibu mpiga chapa hodari hatazami. Zimebaki siku mbili na sina hata mstari.

Baada ya chakula nimeing'oa Y kwa kijiko cha chai. Iko mfuko wa shati.

Alhamisi, 14 Machi

Balaa. Meno hayaendi bila Y! Meno ya, meno yake, meno haya. Nimetokwa na jasho asubuhi nzima. Kisha likanijia: jino! "Safisha jino la mtoto asubuhi na jioni." Kidirisha kikichomoza, N inakifukuza. Kurasa nne, bila Y hata moja! Lydia asingeweza hata kuandika jina lake.

Humu daftarini natumia kalamu. Ya, ya, ya! Hakuna anayeniuliza chochote.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekabidhi saa sita kasoro dakika tano. Lydia alikabidhi jana. Albert hajui Kiswahili hata cha salamu, kapeleka kliniki moja kwa moja. Uamuzi wiki ijayo.

Alhamisi, 21 Machi

Simu. Albert kanipa mimi. Bi Nusra, mama wa Kipemba, anakaa hapa hapa Peckham, namba yetu kaiona nyuma ya kipeperushi. Akauliza kwa adabu kabisa: jino lipi? Tangu Jumatatu anamsafisha mwanawe jino moja la mbele, na mtoto anayo ishirini. Nikamwambia yote, bibi, yote! Akasema basi si mngeandika meno, mwanangu. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Albert aliuona uso wangu, akamwita Lydia amsomee kipeperushi changu na kumfasiria. Akasoma mpaka mwisho, taratibu. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Kiti kapewa Lydia.

Ijumaa, 22 Machi

Lydia kanitetea, nimeongezewa mwezi mmoja wa kibarua. Amri zake tatu: Y irudi, hali ya hewa itoke, kichwa juu. Nimeitikia zote. Tatizo, Y ilikuwa kwenye shati, na shati liko kwenye mashine ya kufulia. Na Unguja leo mvua kubwa, programu imeniambia sasa hivi.

Haidhuru. Nimepewa kipeperushi kipya, cha macho. Niko ukurasa wa pili tayari, na kinakwenda vizuri ajabu. "Kama jicho la mtoto ni jekundu, lioshe kwa maji safi."